Unahema Vibaya Kila Ukipiga Tizi? Huenda Si Stamina, na Huenda Hata Si Pumu

Kuna wasee wawili unawajua, na pengine mmoja wao ni wewe. Wa kwanza ni yule chali wa mbogi ya mpira wa Jumapili. Dakika ya kumi na tano ameshashika magoti kando ya uwanja, na wenye wako pembeni wanamshow apunguze ugali. Wa pili ni manzi anakaa ghorofa ya sita huko Pipeline, ploti haina lifti, na akifika ya nne lazima asimame ajifanye anacheki simu ndio majirani wasijue amekata pumzi. Wote wamekaa na hiyo kitu miaka. Mmoja ameambiwa hana stamina. Mwingine aliingia duka la dawa, akaeleza kwa sekunde thelathini, akauziwa inhela ya bluu na kuambiwa ana pumu. Hakuna mashine alipuliza, hakuna damu alitolewa, hakuna mtu alimwekea chuma ya kusikiliza kifua.

Shida ni gani hapo? Shida ni kwamba kukosa pumzi si ugonjwa. Ni dalili, kama vile homa. Ukienda hosi na homa hakuna mtu anakwambia "una ugonjwa wa homa, nenda nyumbani". Wanatafuta ni malaria, ni taifodi, ama ni nini. Lakini kwa pumzi tumezoea kupewa jibu moja kati ya mawili: wewe ni mvivu, ama wewe una pumu. Na kuna watu wanabeba hilo jibu miaka mitano huku kitu halisi kinaendelea kuwakula polepole.

Anza na safari yenyewe. Hewa inaingia puani, inapita kooni, inashuka kwa bomba la hewa, inagawanyika kwa vijibomba vidogo vidogo mpaka inafika kwa vifuko vya mapafu. Hapo oksijeni inapanda damu. Kwa damu inabebwa na himoglobini, ile protini nyekundu yenye chuma ndani. Moyo unaisukuma mpaka kwa misuli ya miguu. Fikiria ni biashara ya mat: koo na vijibomba ni barabara, mapafu ni steji, damu ndio mat zenyewe, na moyo ndio injini. Ukiwa umelala kejani unatazama filamu, abiria ni wachache, hata ka kuna mahali pabovu kila mtu anafika. Ukianza kukimbia sasa ni steji ya Railways saa kumi na mbili jioni, kila mtu anataka kwenda nyumbani kwa wakati mmoja. Jamu ikiwa kwa barabara, steji ikiwa imefungwa nusu, mat zikiwa chache ama injini ikiwa mbovu, abiria analalamika vile vile: nimechelewa. Ndio maana wewe unaskia kitu moja tu, "nakosa pumzi", na sababu zinaweza kuwa zaidi ya kumi.

Tuimalize hii ya stamina kwanza, ju enyewe iko na ni ya kawaida sana. Mwili ambao haujapigishwa tizi unachoka haraka, na ukiongeza kilo kadhaa unachoka haraka zaidi. Lakini ukosefu wa mazoezi una tabia moja inaousaliti: unapungua ukifanya mazoezi. Mtu mzima kiafya akitembea mbio ama kukimbia polepole mara tatu nne kwa wiki, ndani ya wiki sita hadi nane ataskia tofauti. Ukipiga tizi miezi mitatu na zile ngazi bado ni zile zile, ama zimekuwa noma kuliko mwanzo, acha kujiita mvivu. Na ka mwaka jana ulikuwa unakimbia kilomita tano sawa tu na saa hii mbili zinakumaliza, kuna kitu kimebadilika mwilini, hata ka ratiba yako haijabadilika.

(Msee ametoka Mombasa juzi, wewe tulia kidogo. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na Iten karibu 2,400. Huku juu kila pumzi inakuja na oksijeni kidogo kuliko ufuoni. Utahema wiki ya kwanza na ya pili, alafu mwili utazoea. Lakini ka umeishi Umoja tangu uzaliwe, usilaumu mwinuko.)

Sasa, kitu ya kwanza daktari mzuri anataka kujua si "unahema sana?" Anataka kujua saa. Inaanza dakika ya ngapi, iko kooni ama kifuani, sauti inatoka ukivuta hewa ndani ama ukiitoa nje, na ukisimama inachukua muda gani kuisha. Hayo maswali manne yanatenganisha mambo ambayo kwa macho yanafanana kabisa.

Pumu ya mazoezi, kwa mfano, iko na saa yake. Ukikimbia unaanza kupumua kwa mdomo, na hewa haipati nafasi ya kupita puani ipashwe joto na kuloweshwa. Inaingia kavu na baridi, inakausha kuta za vijibomba, na kwa mwenye pumu ile misuli midogo imevizunguka inakaza. Ndio maana asubuhi ngware ya Julai inakuwa mbaya kuliko mchana wa Machi, na ndio maana kukimbia kando ya Jogoo Road na moshi wa malori si kama kukimbia Karura. Lakini cheki hii: kwa watu wengi pumu ya mazoezi haifiki kilele ukiwa katikati ya mbio. Inafika kilele dakika 5 hadi 15 baada ya kusimama. Umeketi, umeshika chupa ya maji, ndio kifua kinabana, unakohoa, na ukitoa hewa nje unaskia kafilimbi. Alafu inaisha yenyewe kwa nusu saa, saa moja, wakati mwingine zaidi kidogo.

Na pumu inapimwa, haikisiwi. Kipimo kinaitwa spirometri. Unavuta hewa yote unaweza, unapuliza kwa bomba kwa nguvu zako zote, mashine inasoma umetoa kiasi gani kwa sekunde ya kwanza. Unapewa dawa ya kufungua kifua, unangoja kama dakika 15, unapuliza tena. Namba ikipanda kwa zaidi ya asilimia 12 na pia zaidi ya mililita 200, hiyo ni ishara kubwa ya pumu. Mtego uko hapa: ukipimwa umepumzika, siku njema, majibu yanaweza kuwa safi na bado una pumu. Hapo inabidi upulize kabla ya kukimbia na baada ya kukimbia, na namba ikishuka kwa asilimia 10 au zaidi, umeishika. Ka mashine kubwa haiko karibu, kuna kakibomba ka plastiki kenye mshale wa namba. Unakapuliza asubuhi na jioni kwa wiki mbili, unaandika. Namba za mwenye pumu hucheza sana juu na chini.

Ikithibitishwa ni pumu, bado kuna jambo moja wengi hawajaambiwa. Ile inhela ya bluu inafungua vijibomba kwa muda, lakini haigusi uvimbe ulio ndani unaosababisha shida. Tangu 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu wa GINA hautaki mtu mzima au kijana atibiwe na hiyo ya bluu peke yake. Inafaa kuwe na dawa ya kutuliza uvimbe ya kuvuta. Kwa hivyo ka unamaliza za bluu moja baada ya nyingine kama peremende, either pumu yako haijatibiwa vizuri, ama si pumu.

Na usiogope jina lenyewe. Paula Radcliffe wa Uingereza aliambiwa ana pumu akiwa tineja. Mwaka wa 2003 alikimbia marathoni ya London kwa saa 2:15:25, na hiyo rekodi ya dunia ya wanawake ikakaa miaka 16 mpaka Brigid Kosgei wetu alipoivunja Chicago, Oktoba 2019, kwa 2:14:04. Haile Gebrselassie naye ana pumu. Alikataa marathoni ya Olimpiki ya Beijing 2008 kwa kuhofia hewa chafu, alafu mwezi uliofuata akaenda Berlin akavunja rekodi ya dunia. Hao walijua ugonjwa wao kwa jina, na wakapanga maisha kuuzunguka.

Sasa kuna binamu wa pumu ambaye watu wachache wamewahi kumskia, na ndiye anafanya watu wengi wapewe inhela bure. Hapa shida haiko kifuani, iko kooni, kwa kile kisanduku cha sauti. Kwa kawaida ukikimbia sana hiyo sehemu inafunguka zaidi ndio hewa ipite. Kwa watu wengine inafanya kinyume, inajibana wakati tu unaihitaji. Inapata vijana sana, hasa wasichana wanaoshiriki michezo. Saa yake ni tofauti kabisa na ya pumu: inakuja ukiwa kwa kasi ya juu kabisa, sauti inatoka ukivuta hewa ndani, unaskia kama mtu amekushika shingo, na ukisimama inaachilia ndani ya dakika chache. Inhela haifanyi chochote, ju inhela inalenga vijibomba vya kifua, na mlango umefungwa huku juu.

Kuithibitisha, wataalamu wanapitisha kamera nyembamba puani mpaka karibu na kisanduku cha sauti huku unakimbia kwa mashine. Hiyo mbinu ilikuzwa kule Bergen, Norway. Usitarajie kuipata kila kona. Lakini wewe una kamera mfukoni. Mwambie beshte yako akurekodi wakati umekabwa, video ya sekunde ishirini yenye sauti. Daktari akiskia hewa inapiga mluzi ikiingia badala ya ikitoka, mazungumzo yanabadilika papo hapo. Na matibabu yake si dawa, ni mazoezi ya kupumua na kulegeza koo, ambayo hufundishwa na mtaalamu wa sauti na matamshi.

Twende kwa mat zenyewe, yaani damu. Kwa maoni yangu hapa ndipo vijana wengi wa Nairobi wangeanza kutafuta, hasa madem, na ndipo wachache sana wanatafuta.

Ukikosa madini ya chuma, mwili unatengeneza himoglobini kidogo. Mapafu yako yako sawa, barabara iko wazi, steji imejaa, lakini mat ni chache. Moyo unajaribu kufidia kwa kupiga haraka. Ndio unaskia moyo unadunda ukipanda ngazi mbili, unachoka kama umebeba mawe, kichwa kinazunguka ukisimama ghafla, kucha zinavunjika, na ndani ya kope ya chini pamepauka badala ya kuwa pekundu. Na kuna ishara moja ambayo sisi tunaichukulia kama mchezo: kutamani kula vitu si chakula. Barafu. Mchele mbichi. Ama odowa, yale mawe laini yanauzwa sokoni na kwa vibanda. Yule manzi anatafuna odowa kila siku kama njugu si lazima awe mjamzito. Inaweza kuwa mwili unalia chuma, na hayo mawe yenyewe yanaweza kuzuia chuma kidogo anachokula kisiingie.

Chuma kinaenda wapi? Kwa wanawake, hedhi nzito ndio mtuhumiwa wa kwanza. Ka unabadilisha pedi kila saa moja au mbili, ka unapitiliza siku saba, ka unaona mabonge makubwa, hiyo si "ndivyo wanawake wa kwetu tulivyo". Inaweza kuwa uvimbe wa uterasi na inatibika. Minyoo ya safura nayo inanyonya damu kwa utumbo. Dawa za maumivu za kila siku zinaweza kutoboa tumbo likavuja damu polepole bila wewe kuona. Na chali akipatikana amepungukiwa chuma, asipewe tu vidonge na kuachwa aende. Lazima iulizwe damu inatokea wapi, ju yeye hana hedhi ya kulaumu.

Kipimo ni damu kidogo tu. WHO inasema mwanamke mzima asiye mjamzito akiwa chini ya gramu 12 za himoglobini kwa desilita, na mwanaume chini ya 13, amepungukiwa damu. Na sisi wa nyanda za juu, ju hewa yetu ni nyepesi, tunatakiwa tuwe juu ya hapo kidogo. Lakini himoglobini ndiyo ya mwisho kushuka. Kabla haijashuka, akiba ya chuma huwa imeshaisha, na hiyo akiba inapimwa kwa kipimo kingine kinaitwa feritini. Unaweza kuwa na himoglobini ya 12 na kitu, uambiwe uko fiti, na akiba yako iko karibu sufuri na mbio zinakushinda. Itaje kwa jina ukienda.

Alafu kuna chai. Pole, lakini lazima niseme. Chai ya rangi ama ya maziwa ukiinywa pamoja na dishi inazuia chuma cha mboga na maharagwe kisiingie mwilini. Githeri na chai ni mchanganyiko tamu na mbaya. Sogeza chai saa moja ama mbili mbali na chakula, kamulia sukuma limau ama kula chungwa baada ya ndengu, ju vitamini C inasaidia chuma kuingia. Ka umepewa vidonge vya chuma, usiviache wiki ya tatu ju umeanza kuskia poa. Vinatumiwa kama miezi mitatu zaidi baada ya damu kurudi sawa, ndio akiba ijae.

Kitu kingine kuhusu damu: kale kakibanio wanakuwekea kwa kidole kakisoma 97, usifikiri kesi imeisha. Kanasoma kila mat imejaa kiasi gani. Hakahesabu mat ni ngapi. Mtu aliyepungukiwa damu vibaya sana anaweza kusoma 98.

Injini sasa. Hii ndiyo hufanya "hauna stamina" iwe maneno hatari.

Mashabiki wa Arsenal mnamkumbuka Nwankwo Kanu, mabao matatu Stamford Bridge dhidi ya Chelsea, Oktoba 1999. Miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa amechukua dhahabu ya Olimpiki Atlanta na Nigeria. Inter Milan wakamsajili, wakampima, na wakapata valvu ya moyo wake ina kasoro. Mtu alikuwa bingwa wa Olimpiki na valvu mbovu kifuani. Akapasuliwa Novemba 1996, akarudi uwanjani, na hayo mengine mliyaona. Marc-Vivien Foé wa Kamerun hakupata hiyo bahati. Alianguka Lyon tarehe 26 Juni 2003, nusu fainali dhidi ya Kolombia, akiwa na miaka 28. Uchunguzi wa mwili ulionyesha misuli ya moyo wake ilikuwa minene kupita kiasi, hali ambayo mtu huzaliwa na mbegu yake. Kuwa na mbio hakuthibitishi moyo ni mzima.

Lakini huku kwetu kuna ugonjwa mwingine wa moyo unaoshika vijana, na unaanza mahali hungedhania: koo linalouma. Mtoto anaumwa koo kwa bakteria wa streptokokasi, hapati antibiotiki ipasavyo, na wiki chache baadaye kinga yake mwenyewe inachanganyikiwa na kushambulia viungo na moyo. Magoti yanavimba, yanapona, watu wanasahau. Valvu za moyo hazisahau, zinaweza kubaki na makovu yanayokaza mwaka baada ya mwaka. Msee anafika miaka 20 na kitu, anaanza kuhema kwa ngazi, anakohoa usiku, anaambiwa ni pumu ama ni kifua cha baridi. Kwa wanawake wengi inajulikana wakiwa wajawazito, ju hapo moyo unasukuma damu nyingi kuliko kawaida na valvu iliyobana inashindwa. Daktari mwenye masikio anaweza kuiskia kwa chuma yake, na ultrasaundi ya moyo, wao huiita eko, inaionyesha wazi. Ikijulikana mapema kuna sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne ya kuzuia koo lisirudie kuharibu zaidi. Ikijulikana kuchelewa ni upasuaji, na hapo familia inaanza michango ya WhatsApp.

Kwa hivyo hizi hapa hazingojei wiki mbili za kuandika. Kuzimia ama kukaribia kuzimia ukiwa unakimbia. Maumivu ya kifua ukijikaza. Moyo unapiga ovyo ovyo bila mpangilio. Kulala chali kunakukosesha hewa mpaka uongeze mto wa pili na wa tatu. Miguu kuvimba yote miwili, ama mmoja tu kuvimba na kuuma huku pumzi imekata ghafla, ju hiyo inaweza kuwa damu imeganda na kukimbilia mapafuni. Kukohoa damu. Kushindwa kumaliza sentensi umeketi. Ama kuna mtu wa damu yako alikufa ghafla akiwa kijana na hakuna mtu anajua kwa nini. Hapo simamisha tizi, nenda hosi leo.

Ziko sababu zingine nitazipitia mbio mbio. Ka uliwahi kuwa na TB, ukameza dawa miezi sita ukapona, mapafu yanaweza kubaki na makovu yanayopunguza nafasi ya hewa. Mwambie daktari hata ka ni stori ya miaka kumi iliyopita. Ka unakohoa wiki mbili na unatoka jasho usiku, pima TB sasa, kwa hosi za serikali ni bure. Covid nayo iliwaacha watu wengine na pumzi fupi kwa miezi mingi. Moshi unajijua: fegi, shada, na ile shisha ilipigwa marufuku Desemba 2017 na bado inapatikana. Watu hufikiri moshi unachafua mapafu tu. Una kaboni monoksidi pia, na hiyo inashika himoglobini kuliko oksijeni inavyoshika, kumaanisha mat zako zinazunguka mji zimebeba abiria bandia. Jiko la makaa kwa nyumba imefungwa linafanya kitu kile kile, na linaua.

Na kuna pumzi ya wasiwasi. Iko kweli, si maigizo. Unaskia huwezi kuvuta hewa ikajaa, unapiga miayo na kushusha pumzi kila dakika, vidole na midomo inafanya ganzi, na inakuja hata ukiwa umeketi kwa mat. Inatibika kwa kujifunza upya kupumua. Ila naona inavyotumiwa vibaya, hasa kwa wasichana: anaingia, anaeleza, anaambiwa "ni mawazo tu" kabla hata damu haijapimwa. Wasiwasi ni jibu la baada ya kupima.

Sasa kwa hosi unaenda vipi? Kwanza wiki mbili za kuandika kwa simu. Kila ikitokea: ulikuwa unafanya nini, ilianza dakika ya ngapi, kooni ama kifuani, sauti ndani ama nje, iliisha baada ya dakika ngapi, moyo ulikuwaje. Madem waandike pia siku za hedhi. Weka na hiyo video. Alafu anza na kituo cha afya cha serikali kilicho karibu, ju kusikilizwa kifua na kupimwa damu si lazima uende kwa hosi ya majina makubwa.

Ukiingia usiseme "daktari nina pumu" ama "nataka inhela". Ukitaja jibu, utapewa hilo jibu, ju foleni ni ndefu na yeye pia amechoka. Sema: "Daktari, nina miaka miwili nakosa pumzi nikifanya mazoezi. Inaanza dakika ya nane, naiskia hapa, inaisha baada ya dakika tatu. Inhela nimetumia mwaka mzima na haijasaidia. Naomba tujue ni nini." Akisema ni pumu, uliza kwa heshima: inathibitishwa na kipimo gani? Akisema ni damu, uliza inapotelea wapi. Vipimo vya mwanzo ni vya kawaida: himoglobini na feritini, eksirei ya kifua, kipimo cha umeme wa moyo, kupuliza spirometri. Eko inafuata ka kuna kitu kimeskika ama kuonekana.

Na ka vyote vimerudi safi lakini bado unahema? Hiyo haimaanishi unadanganya. Vipimo vingi vinafanywa ukiwa umeketi, na shida yako inakuja ukikimbia. Omba upimwe ukiwa kwa mwendo: spirometri baada ya mazoezi, ama kile kipimo cha baiskeli wanakufunga kinyago na kusoma hewa na moyo kwa pamoja. Hicho ndicho kinaweza kuonyesha ka ni moyo, ni mapafu, ama ni misuli tu haijazoea. Ikiwa ni misuli, sasa una ruhusa ya kuanza polepole: mwendo ambao bado unaweza kubonga sentensi nzima bila kukatika, dakika ishirini, mara nne kwa wiki, kwa wiki nane, alafu ulinganishe na namba uliandika mwanzo.